Tulifagia Uwanja wa Mtu Asiyefiwa

Shangazi Marlène,

Naomba unisaidie, na kabla ya kunisaidia naomba unifiche, maana mimi ni karani katika ofisi ndogo ya chama kimoja cha wakimbizi hapa Dzaleka, na katika kambi hii mtu akipiga chafya kisimani asubuhi, jioni sokoni wanauliza atazikwa wapi. Majina yote nimeyabadilisha, nawe ukiona moja limebaki libadilishe. Nilimaliza sekondari Bukavu, nikaongeza masomo kidogo hapa, kazi yangu ni kuwaandikia watu maelezo yao wanapopeleka shida kwenye ofisi kubwa, naandika vizuri kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, sijawahi kufukuzwa mahali popote na sipendi kugombana na mtu, kwa hiyo ujue kwamba haya nayaandika usiku, mlango nimeufunga.

Mkuu wa chama chetu, Narcisse, ni mtu wetu wa Bukavu lakini ana kibali cha kukaa mjini Lilongwe, anaishi mtaa wa Area 49, na huko alianzisha kikundi cha mbio kinachoitwa Miguu ya Huruma, naye tunamwita Kapiteni. Wanachama ni watu wa Area 49 na Area 18, wengine ndugu zetu wenye maduka, wengine Wamalawi wa maofisini, pamoja na sisi wafanyakazi wake ambao hatukuulizwa kama tunapenda kukimbia. Jumamosi wanakuja kwa magari mpaka njia panda ya lami, wanashuka, wananyoosha viungo, kisha wanakimbia kuingia kambini kufanya jambo moja jema, wanapiga picha, wanakimbia kurudi kwenye magari. Majembe na mifagio hutangulia kwa pikapu, kwa sababu mtu hawezi kukimbia vizuri akiwa na jembe, na sisi tunapofika tukihema dereva anakuwa ameshakaa juu ya majembe anamalizia mandazi yake.

Sitaficha kwamba nimewacheka moyoni. Jumamosi ya kwanza wanawake waliokuwa kisimani waliona watu wazima wanakimbia wote upande mmoja, wakajua kuna ugawaji wa chakula, wakabeba mabeseni yao wakakimbia nyuma yetu, na Kapiteni alipogeuka akafurahi sana akasema jamii imeitikia, mpaka mama mmoja akamshika shati na kumuuliza, "Unga iko wapi?" Siku nyingine walipanda miti katikati ya kiangazi, miti ikafa yote, ila picha zake bado ziko hai. Siku nyingine walipaka chokaa mawe ya njia ya kwenda zahanati, na mfereji uliokuwa pembeni umeziba unanuka waliuruka, tena kwa ustadi. Watoto hutufuata wakiuliza nani anatufukuza. Wazee wao hawatutazami kabisa, kwa sababu wamewahi kuona watu wazima wakikimbia asubuhi kwa makundi, na haikuwa kwa ajili ya afya.

Sasa kikundi kina kanuni moja ambayo Kapiteni anaipenda kuliko zote, kwamba anayesaidiwa haambiwi. Hatubishi hodi, hatuelezi, hatujibu maswali, tunafika, tunafanya, tunaondoka. Anasema wema ukitangazwa kabla unaharibika. Kuutangaza baadaye kwenye simu za watu wote wa Lilongwe hakuuharibu, nadhani.

Mimi ndiye niliyeombwa kutaja mtu wa kusaidiwa, nikamtaja Mama Cécile, mjane wa kwetu anayeshona sare za shule, kwa sababu ukuta wa jiko lake ulikuwa umeanguka na mvua. Mama Cécile ana mtoto mmoja tu, Guelord, ambaye aliondoka kupitia Msumbiji kutafuta kazi kusini, akamwacha mke wake Faraja na mama, akawa anapiga simu, kisha simu ikanyamaza, na tangu mwaka jana hakuna anayejua yuko wapi. Hayo niliyajua. Niliyajua vizuri, maana huja ofisini kuuliza kama kuna mtu amesikia lolote.

Tulifika kwake asubuhi kabla jua halijapanda, kundi zima, wote tumevaa fulana za buluu, hakuna anayesema neno. Wengine wakashika mifagio wakaanza kufagia uwanja wake. Wengine wakajaza maji kwenye mapipa. Wengine wakateremsha kuni kutoka kwenye pikapu wakazipanga kando ya jiko. Kapiteni akawatuma vijana kwenye kanisa la jirani wakaazima mabenchi, wakayapanga uwanjani ili wakimbiaji wapate pa kupumzika. Mtu mmoja akawasha moto, maana kulikuwa na baridi.

Shangazi, wewe ni mtu wa kwetu, na naona umeshashika kichwa. Kwetu ni nani anayekuja kufagia uwanja wako alfajiri bila kuitwa, na maji, na kuni, na nguo ya rangi moja, bila kukutazama usoni? Kwetu habari ya msiba haisemwi mlangoni. Mikono hutangulia, inafagia, inawasha moto, inapanga mabenchi, na wewe ukishayaona mabenchi umeshaambiwa, kinachobaki ni jina tu. Sisi wote tuliotoka Kivu tunajua hivyo tangu utoto, na wote tulikuwa pale na mifagio mkononi, na hakuna aliyefikiri.

Mama Cécile akatoka, kitenge kifuani, akasimama. Akatafuta uso anaoujua, akaniona mimi.

"Baba karani, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. We kaa tu."

"Mbona banafagia kwangu?"

"Banakusaidia tu, mama. Kaa kwanza."

Akayatazama mabenchi. Akautazama moto. Akasema polepole, kama mtu anayesoma jambo lililo mbali, "Njo Guelord," yaani, ndiye Guelord.

Hapo nikaelewa, Shangazi, na nikafungua mdomo, kweli niliufungua, lakini nyuma yangu Kapiteni alikuwa ameshainua simu, akaniita kama anavyowaita wadogo wake wa kazi, "Petit, toka kwenye picha," na mimi nikatoka kwenye picha, na nilipogeuka mama alikuwa ameshaanguka chini na Faraja anatoka ndani akipiga kelele, na jirani wa kushoto akaitikia, na wa kulia akaitikia, na kilio kikashika njia nzima. Msichana mmoja wa Area 18, Mmalawi asiyejua hata neno moja la Kiswahili, aliacha ufagio akakaa chini kwenye udongo pamoja na wanawake, akaniuliza kama ni maliro, yaani kama kuna msiba, na kabla sijajibu Kapiteni akamwambia hapana, ni furaha, mama huyu hajazoea kusaidiwa. Akapiga picha nyingi. Kisha akatazama saa yake, tukakimbia kurudi barabarani, na nyuma yetu kilio kilikuwa kinaenda nyumba kwa nyumba kwa kasi zaidi kuliko sisi.

Matanga yakafanyika, mchungaji akaja kuyaombea. Hakuna aliyeuliza habari ilitoka wapi, kila mmoja alidhani mwenzake anajua, na waliotuona na fulana zetu walidhani ni kamati ya kanisa fulani la Lilongwe iliyotumwa. Matanga bila maiti si jambo geni kwetu, tumewalilia wengi hivyo. Mama Cécile amenyoa kichwa. Mimi pia nilikwenda, nikakaa na wanaume kwenye moto, nikala kilichopikwa, nikasema pole, maana kutokwenda kungeonekana.

Nilijaribu kumwambia Kapiteni. Nilingoja awe peke yake ofisini nikasema, "Kapiteni, yule mama hakulia kwa furaha. Alifikiri tumeleta habari ya kifo."

Akacheka. "Petit, machozi ni machozi. We ni karani, hauko docteur ya roho za batu."

"Lakini wamefanya matanga."

"Mi nilifanya matanga? Nilileta jeneza? Nilileta mifagio." Kisha akaacha kucheka. "Kuna vijana wengi hapa na diplome zao, banakaa kwenye jua, banasubiri hicho kiti chako. Kikalie vizuri."

Picha ya Mama Cécile akiwa chini, mikono kichwani, sasa ni bango kubwa, limeandikwa Machozi ya Furaha. Maneno hayo niliyaandika mimi, kwa sababu yaliombwa, na mwandishi ni mimi. Jumamosi hii Kapiteni analeta wageni kutoka Lilongwe wakimbie mpaka uwanjani kwake na bango hilo, kumalizia ukuta, maana siku ile ukuta haukuguswa. Lakini linalonikosesha usingizi ni la Jumatatu. Mama Cécile amekuja kuniambia kwamba Jumatatu ataingia ofisini nimwandikie maelezo kwamba mwanawe amefariki, ili jina la Guelord litolewe kwenye kadi ya familia ya kupokelea chakula. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema, "Sitaki kula sehemu ya marehemu, baba. Wazima hapa hawashibi." Na wewe unajua, Shangazi, jina likitoka kwenye ile kadi kulirudisha ni kama kurudisha maziwa kwenye kiwele cha ng'ombe, na Guelord akirudi siku moja amechoka, kambi hii haitamjua, na Faraja atakuwa ameshaolewa, maana watu wake wameanza kumtafutia mume mwingine.

Naogopa kusema, kwa sababu nitapoteza kazi, na kwa sababu kwetu mtu aliyetangaza kifo cha mtu aliye hai anaitwa mchawi, na mchawi hapa hapewi nafasi ya kujieleza. Naogopa pia kunyamaza. Nimefikiri kutuma ujumbe kwenye simu ya Faraja kwa namba isiyojulikana, niseme nimemwona Guelord mzima huko Tete, Msumbiji, ili mambo yajirudie yenyewe bila mimi kuonekana. Na kuna wakati, Mungu anisamehe, nafikiri kwamba huenda kweli alishakufa, na kama ni hivyo basi hakuna kosa lililofanyika, tuliwahi tu. Nifanye nini ili nisimuumize mtu yeyote?

Ni mimi,
Karani, Dzaleka

JIBU

Karani,

Sentensi zako ni ndefu kama njia ya mtu anayezunguka nyuma ya nyumba asikutane na wenyeji. Nimezifuata zote mpaka mwisho. Mimi ni shangazi wa watu wengi, nimezoea kutembea.

Hao Miguu ya Huruma sitapoteza nao muda, kwa sababu hawajaniomba ushauri na wala hawataki. Mtu ana gari, anashuka kwenye gari ili akimbie, anakimbia ili apande gari. Mwili ni wake, tumbo ni lake, alikimbize anakotaka. Lakini alipofika kwenye uwanja wa mjane akaingia bila hodi, hapo mbio zimekwisha na utovu wa adabu umeanza. Kwetu hata anayekuja kuomba chumvi hubisha hodi. Hata mwizi wa kuku husita kidogo mlangoni. Huyu Kapiteni wenu amekaa Area 49 mpaka amesahau kwamba nyumba ya udongo nayo ina mlango. Wema usiotaka kujibu maswali ni uvamizi uliobeba ufagio. Na ukuta, nimeona, haukuguswa. Walifagia, wakawasha moto wa kujipasha, wakakaa kwenye mabenchi waliyojipangia, wakaondoka. Walikuja kwake wakajisaidia wenyewe, mama wa watu akawapa picha.

Basi, hao nimemaliza. Sasa wewe.

Umesema hakuna aliyefikiri. Mpaka hapo nilikuwa tayari kukuhurumia, maana ujinga wa pamoja ni mtamu, kila mtu anabeba kipande kidogo. Lakini mbele kidogo umeandika neno "nikaelewa". Umelificha katikati ya sentensi, kati ya mdomo na simu ya Kapiteni, ukidhani litapita. Halikupita. Ulielewa wakati mama bado amesimama. Neno moja lingetosha, "hapana", na hata mtu anayehema baada ya mbio anaweza kulitamka. Badala yake ulitoka kwenye picha. Msichana wa Area 18 hana lugha yetu, hana mila yetu, hajui Bukavu iko upande gani, na yeye aliacha ufagio akakaa chini. Wewe uliyekulia kwenye mabenchi hayo ulisogea pembeni ili mwanga uwe mzuri.

Halafu ukaenda kwenye matanga ukala. Ukasema pole. Halafu ukaketi mezani, ukachukua kalamu uliyosomeshwa kwa taabu na watu waliouza vitu vyao, ukaandika Machozi ya Furaha. Nimesoma barua nyingi za waume wenye nyumba mbili na wake wenye siri, lakini sijapata kuletewa mtu aliyemtia mama msiba, akala chakula cha msiba, kisha akautungia jina.

Unaogopa kuitwa mchawi. Usijipe cheo. Mchawi hufanya kazi yake kwa bidii na kwa nia. Wewe ulikuwa tu na adabu kwa mtu asiyefaa.

Na ile sentensi uliyomtanguliza Mungu mbele yake kama ngao, kwamba huenda Guelord alishakufa na basi hakuna kosa, mliwahi tu, isome tena kwa sauti, mchana, mlango ukiwa wazi. Unamtakia kijana mauti ili wewe ubaki na kiti. Sidhani kama wewe ni mtu mbaya. Nadhani hofu imekukalia kichwani muda mrefu mpaka imeanza kukuandikia barua. Ndiyo maana nakujibu, ningekuona mbaya ningeitupa.

Ujumbe wa namba isiyojulikana usiuguse. Umemzika mtu kwa kunyamaza, sasa unataka kumfufua kwa uongo. Mama yule ataondoka kwenda Tete. Unamjua. Mtu anayekataa kula sehemu ya marehemu atauza cherehani yake apande lori, ataulizia sokoni huko kwa jina la mtu uliyemwona kwenye simu yako tu. Huo utakuwa msiba wa pili, na huo utaupanga ukiwa umekaa, bila kuhema.

Umeniuliza ufanye nini usimuumize mtu yeyote. Swali hilo limechelewa. Mtu ameshaumia, na ataumia tena utakaposema, kwa sababu ukimwondolea msiba humrudishii mtoto, unamrudishia kule kutojua. Wengi wetu tunajua kwamba kutojua kunauma kuliko kaburi. Mtu aliyefiwa, iko siku atalala. Anayengoja halali. Lakini kungoja kule ni kwake, alikuwa nako kabla hamjaja na mifagio yenu, na wewe huna ruhusa ya kumbadilishia kwa sababu unaona aibu.

Sikiliza sasa.

Jibu hili nakutumia kwenye simu leo Jumatano. Kwenye ukurasa wangu wa ushauri litatoka Ijumaa. Majina umebadilisha, sawa, lakini fulana za buluu ni zilezile, na Faraja anajua kusoma. Mama Cécile atalisikia kwako au atasomewa na mkwewe, chagua wewe. Usinikasirikie. Umezoea kusukumwa na Kapiteni, acha safari moja shangazi akusukume.

Nenda leo hii. Nenda kwa kutembea. Fulana ile iache nyumbani. Usibebe kitu chochote mkononi, hata sukari, hata sabuni, maana ukifika kwa mwenye kichwa kilichonyolewa na kifurushi mkononi utakuwa umerudia kosa lilelile. Mpitie mchungaji aliyeombea matanga, mwambie njiani, naye aende nawe, kwa sababu aliombea jambo ambalo hakuuliza lilikotoka na ni vizuri naye ashike kipande chake. Akikuambia mngoje kwanza baraza la wazee likae, mwache hapo hapo na baraza lake uende peke yako. Mkifika bisha hodi, ngoja ukaribishwe. Omba Faraja awepo. Kisha sema jambo lenyewe kwanza, kabla ya samahani, kabla ya Kapiteni, kabla ya kueleza nia zenu njema: kwamba hakuna mtu yeyote aliyeleta habari ya Guelord, siku ile wala baada ya siku ile, kwamba mlikuja kufanya usafi, na hamkumwambia. Halafu nyamaza. Mwache alie, au acheke, au akupige. Kama atakupiga, au wanawake wa jirani wakikupiga, vumilia, na katika mambo yote duniani usikimbie.

Akikuuliza kama mwanawe yuko hai, mwambie hujui. Usiongeze tumaini, usipunguze. Wewe si nabii.

Kapiteni mwambie kesho, kwa sentensi fupi moja, kwamba mama ameshajua na bango lishuke. Atakufukuza? Inawezekana sana, sitakudanganya. Mimi nimewahi kula kwa neno la mtu mmoja, najua jinsi unavyohesabu unga uliobaki kila anapokohoa. Lakini kumbuka kwamba wewe unaandika lugha tatu katika mahali ambapo kila mtu ana shida ya kuandikwa. Mtu kama wewe hapa Dzaleka hakosi wa kumwandikia. Anaweza kukosa paa na meza. Utaanzia kwenye kibao chini ya kivuli cha duka la mtu, kama walivyoanza wengine, na watu watakuja. Na kama hatakufukuza, Jumamosi simama kwenye lango la mama yule, uwaambie wageni, kwa Kiingereza chako kizuri, kwamba mwenye nyumba hajawaalika.

Jumatatu mama atakuja kwako vilevile, pengine ofisini, pengine kwenye kibao. Hutaandika kwamba Guelord amefariki. Utaandika ombi la kumtafuta mtu aliyepotelea njiani. Wapo watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, nawe unazijua ofisi hizo kuliko mimi. Andika alipoondoka, alipopitia, alama ya mwili wake, mwisho alisema nini kwenye simu. Andika polepole, mama akikueleza. Hiyo ndiyo kazi uliyosomea, na hukuwahi kumfanyia, ingawa amekuwa akija kwako mwaka mzima kuuliza. Faraja naye utamwandikia maneno mawili kwa watu wa kwao, kwamba wasimame kwanza.

Ukuta wa jiko utajengwa baadaye, siku ambayo mama mwenyewe atasema anataka ujengwe. Akikuita, nenda na jembe lako begani.

Sasa inuka. Utakapoingia atakutafuta usoni kama alivyokutafuta siku ile, na atakuuliza tena kuna nini. Usimwambie akae. Mjibu.

Shangazi Marlène